Ngurumo ya Tusekile

Tusekile anakaa Tukuyu, kwenye baridi na migomba mingi. Nyuma ya jiko lao kuna gogo.

Baba alilitoboa matundu, akapanda mbegu za uyoga, akaziba kwa nta. Tangu hapo, gogo limelala tu.

Kila asubuhi Tusekile anapiga magoti, anagonga kwa kidole.
Ko, ko, ko.
"Hodi, uyoga. Hodi humo ndani."
Kimya.

Mama anatazama rundo la kuni. Limebaki dogo.
"Kuni zikiisha, tutalichanja hilo gogo."

"Mama, uyoga umo ndani."
"Basi nitasubiri mpaka kuni ziishe, mwanangu."

Kesho yake, rundo limepungua.
Ko, ko, ko.
"Hodi, uyoga. Hodi humo ndani."
Kimya.

Tusekile analia. Na wewe ungelia.
"Baba, napiga hodi, sijibiwi."

"Unapiga vizuri, kama mgeni mwenye adabu," Baba anasema. "Lakini uyoga haungoji mgeni. Unangoja mvua na ngurumo."

Tusekile anatazama juu. Hakuna hata wingu.
"Basi tutanguruma sisi," Baba anasema.

Wanalisukuma gogo mpaka kijitoni.
Bingiri, bingiri, chubwi!
Linalala majini usiku kucha.

Asubuhi wanalirudisha, limelowa chapachapa. Baba anampa Tusekile nyundo ya mti.
"Nitaliumiza, Baba."
"Huliumizi. Ngurumo haipigi hodi."

Tusekile anainua nyundo kwa mikono miwili.
Gudu! Gudu! Gudu!
"Uyoga, amka!"
Kuku wanatimua mbio. Hata Baba anaziba masikio.

Siku zinapita. Unabaki ukuni mmoja, kisha nao unaungua. Mama anachukua shoka. Tusekile anamfuata nyuma.

Mama anasimama mbele ya gogo. Analaza shoka chini, taratibu.

Gome limepasuka. Kichwa kidogo cha kahawia kinachungulia. Na kingine pale. Na kingine, na kingine, gogo zima.

Tusekile anashika mdomo. Hajawahi kuona kitu kizuri namna hii.
"Mama," ananong'ona, "kumbe ulikuwamo kweli."

Mama anapiga magoti kwenye udongo, kanga na yote.
"Ulikuwamo, mwanangu. Na mimi nilikuja na shoka."

Jioni Mama anaomba kuni kwa jirani. Tusekile anapanda kitandani.
"Baba, uyoga unakua hata sasa hivi?"
"Hata sasa hivi."
"Gizani?"
"Gizani, kimya kimya."

Tusekile anatega sikio, anataka kuusikia. Anasikia kijito. Anasikia Mama akifunga mlango. Kisha hasikii kitu.

Nje, uyoga unakua. Na Tusekile, amelala fofofo, anakua pia.