Mheshimiwa wa Kiti cha Mbele

Waraka kuhusu Utaratibu wa Kukaliwa kwa Kiti cha Mbele katika Mitumbwi Midogo, Pamoja na Ufafanuzi wa Rangi ya Majaketi ya Kuelea.

Hicho ndicho kichwa chake. Nakijua kwa moyo kwa sababu mimi ndiye niliyekipiga chapa, tena na tena, maana Bwana Mkaguzi alishindwa kuamua kama jaketi ni la rangi ya chungwa au rangi ya chungwa lililoiva. Watu walikuwa wanazama bwawani. Ofisi ilikuwa inatafuta rangi.

Penye maana mle warakani palikuwa pafupi. Hakuna mvuvi kwenda majini peke yake. Kila mtumbwi uwe na vichwa viwili, kila kichwa kiwe na jaketi lenye mhuri wetu, na kila jaketi liwe na filimbi: mlio mmoja mrefu, tuko salama; mitatu mifupi, tuko hatarini. Halikuwa agizo baya. Bwawa letu lilijazwa juu ya msitu ambao hakuna aliyepata nafasi ya kuukata kwanza. Miti ile ilikufa ikiwa imesimama, na hadi leo imesimama humohumo, mingine imetokeza nje, mingine imejificha chini kidogo tu ya uso wa maji. Mtumbwi ukigonga kisiki, aliye peke yake hana wa kumpa mkono.

Ila waraka haukusema huyo wa pili atatoka wapi.

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alikuwa mvuvi. Mwenzake wa miaka yote alikuwa ameumia mgongo na kuacha kazi ya maji, na wavuvi wengine kila mmoja alikuwa na wake.

"Dada," aliniambia, "ofisi yenu inataka vichwa viwili. Haikusema vyote viwe na akili."

"Ingesema hivyo, hata sisi ofisini tusingetimia."

Akacheka, akapiga mluzi wake ule wa pengo. Alikuwa amepoteza jino la mbele utotoni, na mluzi wake ulikatika katikati, ukatoa upepo, kisha ukaendelea. Ndivyo alivyobisha hodi mlangoni kwangu kila siku. Hakuhitaji kutaja jina.

Akashona mtu wa gunia. Mwili aliujaza nyasi kavu na chupa tupu za plastiki ili akianguka majini aelee, kichwa akakifanya cha kitambaa cheupe, juu yake kofia. Tukamwita Mheshimiwa, kwa sababu hakufanya kazi, hakujibu swali, na alikaa mbele.

Likabaki jaketi lake. Mzee wa stoo alikuwa ametoa yote mapya. Hata lile la mdogo wangu halikuwa na filimbi. Filimbi zingeletwa awamu ya pili. Kwa ajili ya Mheshimiwa, mzee alitungua jaketi lililotundikwa nyuma ya mlango, limepauka, mikanda imekakamaa. Hilo lilikuwa na filimbi.

"Bado linafaa," alisema, bila kumtazama mdogo wangu usoni.

Mambo yakaenda. Kila jioni Bwana Mkaguzi alisimama kwenye baraza ya ghorofani na darubini yake, akihesabu vichwa vinavyotoka.

"Yule wa mbele ana nidhamu," aliniambia siku moja. "Hageukigeuki. Andika kwamba nimemsifu."

Nikaandika. Mbavu ziliniuma kwa kicheko.

Nilikuwa na desturi ya kumpelekea mdogo wangu chupa ya chai nikitoka kazini, kabla hajasukuma mtumbwi. Jioni moja nilimkuta anamkumbatia Mheshimiwa kwa mikono miwili, anahema, miguu inazama mchangani. Mwanzoni alikuwa akimtupia begani kama taulo.

"Anakula nini siku hizi?" nilimtania.

Hakucheka.

"Analowa," alisema. "Namwanika juani mchana kutwa, dada. Nikija kumchukua, maji yanamchuruzika."

"Umande huo."

"Umande wa mchana?"

Nikamgusa. Baridi ilinipanda hadi kwenye kiwiko. Na ile harufu... tope la chini kabisa, lile lisilowahi kuona jua, na majani yaliyooza, na kitu kingine kama chuma ukikiweka ulimini.

"Mtupe."

Mdogo wangu akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Siwezi. Ananionyesha samaki."

Nikadhani ni mzaha. Akaniambia kwamba Mheshimiwa akifika majini huinama upande mmoja, taratibu, kama mtu anayesinzia. Upande huo ndio wa kutupa wavu. Nyavu zilikuwa zinajaa kuliko zilivyowahi kujaa. Ila kila siku aliinama kuelekea ndani zaidi, kule kwenye miti minene, ambako wavuvi hawapitishi hata macho.

"Jana nilimfunga akitazama mbele, kama kawaida," alisema. "Nikainamia wavu. Nilipoinua kichwa..."

"Ehe?"

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Hana macho, wewe. Hukumshonea macho."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nakwambia."

Akasukuma mtumbwi, akaondoka. Nikabaki na chupa ya chai mkononi, alikuwa ameisahau. Mwanga ulikuwa unakufa nyuma ya miti ile. Ndipo nikasikia filimbi.

Mlio mmoja. Mrefu.

Tuko salama.

Kulipokucha alikuja mlangoni, akapiga mluzi wake, akanipa samaki mnene kama paja la mtoto. Nikamshukuru kwa filimbi ya jana, kwamba ilinituliza.

"Filimbi mimi sina, dada," alisema. "Iliyopo ni ya kwake."

Siku hiyo sikupiga chapa hata barua moja. Nilishuka stoo. Mzee alikuwa anahesabu ndoo. Nilipotaja jaketi la nyuma ya mlango, aliweka ndoo chini, akaenda kufunga mlango kwanza.

"Lilirudi bila mwenyewe," alinong'ona.

"Lilitoka wapi?"

"Mwenyewe alikuwa anavua peke yake. Kabla ya waraka wenu. Kila akipita hapa anaomba ofisi imtafutie mwenzake, anasema miti ile inamwita akiwa pekee. Tunamwambia ombi lake linashughulikiwa." Akautazama msumari nyuma ya mlango. "Tukalikuta jaketi limenasa kwenye tawi, katikati ya bwawa. Mikanda imefungwa yote, mwanangu. Imekazwa kifuani kama bado kuna mtu. Ndani hamna kitu."

"Labda alichomoka."

"Kutoka kwenye jaketi lililokazwa vile? Mtu hachomoki mzima."

"Na ukampa mdogo wangu!"

"Sikumpa mdogo wako. Nilimpa yule wa gunia. Nilidhani gunia halina cha kuchukuliwa." Kisha akaongeza, kwa aibu, "Na kwenye hesabu ya stoo lilikuwa zima."

"Sasa anataka nini huyo?"

Mzee alinitazama kana kwamba swali langu lilikuwa na jibu tangu mwanzo.

"Alichokuwa anaomba."

Nilitoka mbio. Njiani nikagundua kwamba mkononi nilikuwa na kisu changu cha kufungulia bahasha. Ndiyo silaha pekee ofisi yetu iliyonayo. Nilikusudia kumpasua Mheshimiwa, nimtoe nyasi zote, nichome moto jaketi lile, na kama mdogo wangu angebisha, ningelala juu ya mtumbwi wake mpaka achoke.

Jua lilikuwa halijazama. Hakuwa na kawaida ya kutoka mapema hivyo.

Mtumbwi haukuwapo.

Mchangani kulikuwa na nyayo za mdogo wangu. Nazijua, ana kidole gumba kilichojitenga. Zilienda hadi majini. Kando yake, bega kwa bega, zilikwenda nyingine. Mviringo. Pana. Zimelowa.

Hazikuwa na vidole.

Nilipanda ngazi za ofisi mbilimbili, nikamnyang'anya Bwana Mkaguzi darubini. Maji yalikuwa yametulia kama bati. Nikautafuta mtumbwi, nikaukosa, nikaupata. Ulikuwa unaikaribia miti. Watu wawili. Wa nyuma alikuwa anapiga kafi, polepole, bila kuchoka, ndani ya jaketi lililopauka. Wa mbele alikaa wima, hageukigeuki, kichwa kimelala upande. Begani mwake shati lilikuwa na kiraka cha buluu.

Kiraka kile nilikishona mimi.

"Mtumbwi wa uokoaji!" nilipiga kelele. "Utoe sasa hivi!"

"Wa nini?" Bwana Mkaguzi alichukua darubini yake, akaifuta kwa leso, akatazama. "Wako wawili."

"Bwana Mkaguzi, nakuomba. Mdogo wangu yuko hatarini!"

"Taarifa ya hatari hutolewa na mwenzake aliye mtumbwini. Soma waraka, mama. Uliupiga chapa mwenyewe."

"Mwenzake ni gunia!"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtumishi ambaye hajapewa likizo siku nyingi.

"Gunia," alisema kwa upole, "halipigi kafi."

Na alikuwa anasema kweli. Hata bila darubini niliona kafi linaingia majini na kutoka, linaingia na kutoka. Kisha mtumbwi ukapita kati ya magogo mawili, na miti ikaufunika.

Filimbi ikalia.

Mlio mmoja. Mrefu. Msafi.

Bwana Mkaguzi akainua kidole, ameridhika. "Umesikia? Wako salama."

Nilishuka hadi ufukweni, nikawalilia wavuvi waliokuwa wanatayarisha nyavu. Wawili wakanihurumia. Walikwenda na tochi mpaka ukingo wa miti, wakamwita mdogo wangu kwa sauti zote walizokuwa nazo. Walirudi wanapiga makafi kama wanaofukuzwa. Mkubwa wao alikaa mchangani, hakutaka kunitazama.

"Tuliitikiwa, dada," alisema.

"Na yeye?"

"Na filimbi. Tukageukia huku, ikalia kule. Tukageukia kule..." Akatikisa kichwa. "Nisamehe. Mimi nina watoto."

Nilikaa palepale mchangani. Usingizi ulinipitia alfajiri, muda mfupi tu, na nilipofumbua macho mtumbwi ulikuwa mahali pake, umefungwa kwenye kigingi. Fundo lilikuwa zuri sana. Mdogo wangu hakuwahi kufunga fundo zuri maishani mwake.

Ndani mlijaa samaki, wamepangwa wakubwa kwa wadogo.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na juu yake limewekwa gunia, halina nyasi, limekunjwa kwa adabu.

Kiti cha mbele kilikuwa na mtu.

Nilimwita. Nikaingia majini na nguo zangu, nikamshika bega, pale penye kiraka. Bega likabonyea. Shati la mdogo wangu lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni, limechomekwa kwenye suruali yake, na ndani yake yalishindiliwa majani meusi ya chini ya bwawa, kwa mkono wa mtu aliyetazama vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Juu yake jaketi jipya. Mikanda imekazwa yote. Kichwa kilikuwa cha kitambaa cheupe, kilekile.

Safari hii kilikuwa na macho. Mawe mawili madogo ya mtoni, yamelowa, yananitazama mimi.

Jaketi lililopauka mzee wa stoo alilikuta limetundikwa msumarini pake, nyuma ya mlango aliokuwa ameufunga kwa kufuli. Lilikuwa linachuruzika. Alihama mji wiki hiyohiyo, hakuaga.

Bwana Mkaguzi alinisomea taarifa, nami nikaipiga chapa, maana ndiyo kazi yangu na sina nyingine: mtumbwi ulitoka na vichwa viwili, ukarudi na vyombo vyote, mlio wa filimbi ulisikika kwa mujibu wa utaratibu. Nilipouliza mdogo wangu ataandikwaje, alisema hawezi kuandikwa kama aliyepotea, kwa kuwa mwenzake hajaleta taarifa. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye vitabu vya ofisi, mdogo wangu yuko kazini. Waraka umesifiwa. Tangu utoke, hakuna mvuvi aliyeandikwa kuwa amezama akiwa peke yake.

Nimebadilisha makufuli. Nimemwita shehe, nimemwita padri, nimemwita na mganga. Wote watatu walisimama ufukweni, wakasikiliza, wakarudisha nauli. Wapo wanaosema ni uchawi wa mtu fulani, wapo wanaosema ni wafu wa bonde lililofunikwa na bwawa, waliozikwa humo kabla ya maji. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba jioni, mwanga ukianza kufa, filimbi inalia kule mitini. Mlio mmoja, mrefu. Kisha, baada ya kimya, inajibiwa.

Inajibiwa kwa mluzi wa mdomo. Unakatika katikati, unatoa upepo, halafu unaendelea.

Siku hizi unajibiwa kutoka karibu zaidi. Jana ulikuwa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Sikufungua. Asubuhi nikakuta ngazi imelowa, na kuna samaki.

Nimepiga chapa mengi katika ofisi ile, nikitia sahihi pale nilipoambiwa. Hili naliandika kwa mkono wangu: mdogo wangu alikwenda kuvua peke yake, na amezama.