Nafasi ya Ukutani

Kamate hakuwa mtu wa kutoa. Jirani akiomba chumvi tu, alikunja uso. Ndiyo maana, mwaka ule wa 1978, aliposema kwamba kitanda chake cha mbao nyekundu, alichokileta mwenyewe kutoka Mambasa, sasa kitakuwa cha binti zake, na yeye na mkewe watalala chini kwenye godoro la majani, mtaa mzima wa Nyakasanza ulimsifu. Mkewe, Régine, alimsifu kuliko wote. Watoto walikuwa wawili, Kahindo wa miaka tisa na Adeline wa sita, na tangu wazaliwe walikuwa wanalala kwenye mkeka.

Kamate alikisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta, kisha akapanga watakavyolala.

"Adeline kwa ukuta. Kahindo kwa inje."

"Adeline iko mudogo, Papa Kahindo, anaamuka ju ya kukojola. Si alale aye kwa inje?"

"Nimesema kwa ukuta."

Régine akacheka tu. Mtu akishatoa kitanda chake, si umwachie na neno lake?

Asubuhi ya kwanza aliwakuta wote wawili wamebanana ukingoni, mguu wa Kahindo ukining'inia nje, na upande wa ukuta kuna nafasi ya kumtosha mtu mdogo. Shuka pale lilikuwa na vuguvugu. Lilikuwa pia na doa la rangi ya machungwa lililonuka mawese ya siku nyingi, na wiki ile nyumba yao haikuwa na tone la mawese.

"Munaachia nani nafasi?"

"Yaya," akasema Adeline.

Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa. "Yaya wako si Kahindo huyu?"

"Hapana, mama. Yaya ule wa kukohoa."

Baada ya siku chache Adeline naye akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kisichosikia dawa ya zahanati. Mashavu yakaingia ndani. Kahindo alimnong'oneza mama yake kwamba kuna mtu anamvuta mdogo wake kwenda ukutani, na kwamba yeye humshika mkono mpaka unachoka. Régine akamwomba mumewe watoto wabadilishane nafasi. Kamate alikataa huku akitazama viatu vyake.

Mchana mmoja mvua ilipiga bati hata mtu hasikii sauti yake. Régine alijilaza kwenye kile kitanda, amemkumbatia Adeline mwenye homa, mgongo ameuelekeza ukutani. Usingizi ukamwiba. Nyuma ya sikio lake akasikia kikohozi, kisha sauti ndogo.

"Mama, sogea kidogo."

Akasogea, kama mama yeyote asogeavyo bila kufumbua macho, na blanketi likavutwa taratibu kuelekea ukutani, na kitu kidogo cha baridi, kinachoteleza kwa mafuta, kikapita kiunoni mwake kama mkono wa mtoto anayetaka kubebwa, na harufu ya mawese ikamjaa puani mpaka kooni, na ndipo akakumbuka kwamba Kahindo yuko shuleni, na Adeline yuko hapa mbele, kifuani mwake, na nyuma yake hakuna kitu ila ukuta. Alitoka na mtoto mikononi, akasimama uani kwenye mvua ileile.

"Ulikuwa unaota," Kamate alimwambia aliporudi nyumbani. "Rudisha mutoto kwa nafasi yake."

Wiki hiyo shangazi yake Kamate, mama Vahwere, alifika kutoka Butembo na gunia lake la maharage. Alikaa jikoni na Régine wakichambua, akisikiliza Adeline anavyokohoa chumbani.

"Mama Kahindo," alisema polepole, "usikasirike. Mutoto wako mwanaume, ule wa kwanza, mulimuzika wapi? Labda ni aye anasumbua."

"Mwanaume? Shangazi, mie sijazala mwanaume hata siku moja."

Mikono ya Vahwere ikasimama. Kwa Wanande, kabila la Kamate, jina halitolewi ovyo: Kahindo ni msichana aliyezaliwa baada ya mvulana. Régine, mtu wa Djugu, hakulijua hilo. Mumewe alimwambia ni jina la bibi yake. Na huko Butembo, ukoo mzima uliposikia jina la mtoto, ulimhurumia Régine kwa mwana aliyempoteza, na kwa adabu hakuna aliyemtajia.

"Miaka yote hii tunakulilia," Vahwere alinong'ona, "na haukufiwa."

Jioni wakamkalisha Kamate kati yao. Alijaribu kukasirika, ikashindikana.

"Alikuwa anaitwa Gustave. Nilimuzala na muke wa Mambasa, mbele ya kukuoa. Surua ikamukamata. Bakamupakaa mawese mwili muzima. Bakaleta habari ya kifo siku ya ndoa yetu. Sikuenda."

"Na kitanda?" Régine akauliza.

"Gustave alifia pale. Mama yake alikufa mwaka jana. Nikaenda kukichukua. Ni mbao muzuri... Tangu siku ile anakohoa kwa sikio yangu, kila usiku."

"Ndiyo ukapatia batoto."

"Nilisema, akiwa na mudogo wake pembeni, ataniacha mie."

Kwa mwanamke wa zamani Régine angeweza kumsamehe mumewe, hata kwa mtoto aliyefichwa. Hili hakuweza. Huyu mtu aliitazama nafasi ya ukutani, akamchagua Adeline, akaitwa baba mwema mtaa mzima, na yeye Régine akamshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka kulia, hasira ikamkausha macho.

"Leo alale aye kwa ukuta," Vahwere akasema. "Amuite mutoto jina, amuombe samahani. Ule mutoto hatafuti kitanda. Anatafuta baba yake."

Kamate akaitikia kwa kichwa. Waliwahamishia watoto jikoni, wakamwacha peke yake chumbani na mlango umefungwa.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Jirani alimwona alfajiri akipakia mbao nyekundu kwenye lori la Mambasa, akimhimiza dereva.

"Basi ameenda kurudisha," Vahwere akasema, akafunga mizigo yake. Kweli, siku hiyo Adeline hakukohoa. Alikula, akacheza. Régine akaanza kupumua.

Jioni akawatandikia mkeka palepale chumbani, akaenda kuchukua taa. Aliporudi, Kahindo alikuwa amelala upande wa mlango na Adeline upande wa dirisha. Katikati wameacha nafasi.

"Kitanda kimeenda," Régine alisema. "Munaachia nani tena?"

Adeline alimtazama kwa huzuni ya mtu mzima.

"Papa amebeba kitanda tu, mama. Yaya, papa amemuacha tena."

Katikati ya mkeka mtu akakohoa. Adeline akaitikia kwa kikohozi chake.

Régine akazima taa. Alimbeba Adeline, akamlaza pamoja na Kahindo upande wa mlango, kisha yeye mwenyewe akajilaza kati yao na ile nafasi, akaipa mgongo. Harufu ya mawese ikaja. Paji la uso, dogo na baridi, likaegemea katikati ya mabega yake.

"Mama, sogea kidogo."

Nyuma yake kulikuwa na mtoto wa mtu mwingine, na mbele yake walikuwa wanawe. Régine akauma blanketi, na hakusogea.