Kibali cha Mbwa wa Ghala

Mbwa alikuwa amelala ubavu mbele ya lango la ghala la umma, Mtaa wa Msimbazi, miguu imekakamaa, matapishi ya manjano yamemkaukia mdomoni. Jina lake lilikuwa Chui. Inspekta Leodegar alichutama, akamgusa shingo, akainuka.

"Hujuma hii, Ndugu Inspekta!" alifoka Melkiori, meneja wa ghala. "Wamemtilia sumu ili waje kuiba sukari. Mbwa wa umma!"

"Alikuwa mzima?"

"Majuzi aliugua kongosho, nusura afe. Daktari akaagiza apikiwe nyama tupu ya kuchemsha na wali laini, kidogo kidogo. Mafuta asionje hata tone. Nikahangaika mpaka nikampatia kibali cha nyama, katika uhaba huu! Mlinzi wetu, Mzee Mrisho, ndiye aliyekuwa akimpikia."

Adhuhuri, Bakili, daktari wa mifugo, alimaliza kumpasua mbwa.

"Sumu hakuna, afande. Kongosho limeharibika lote, na tumbo limejaa shahamu. Nilimwonya kila mtu."

Leodegar alirudi langoni. Kwenye mafiga ya mlinzi palikuwa na sufuria moja tu, ile ambayo Chui alizoea kulia chakula. Ndani ilimetameta. Kwenye misumari ya mkono wa sufuria palikuwa pamenasa udongo mwekundu. Nyuma ya kibanda aliokota kipande cha bati chenye mafuta yaliyoganda na alama za ulimi.

Leodegar alikuwa mwana wa katekista wa Kilimanjaro, lakini alikuwa amepanga chumba kwa Waislamu wa Kariakoo miaka mingi. Alijua chombo kilicholambwa na mbwa husafishwaje kabla Mwislamu hajakitumia: maji mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hakuna ajisumbuaye hivyo kwa ajili ya chakula cha mbwa.

Alimkuta Mrisho ameketi kibandani, kofia magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Sufuria ya Chui umeisugua kwa udongo. Nani alikula humo?"

Mrisho aliigeuzageuza kofia yake.

"Mzee, Chui amekula kwenye bati. Nani alikula nyama yake?"

"Siti," alisema Mrisho. "Mke wangu. Hana damu, afande. Hospitali wakasema apate nyama. Nyama ipi? Napanga foleni buchani tangu alfajiri. Zamu yangu ikifika, naambiwa imekwisha."

"Na shahamu?"

"Masalio ya bucha. Mbwa alikuwa amepona! Anatikisa mkia, anabweka. Nikadhani yale maagizo ni kumdekeza tu. Sikukusudia kumuua, wallahi. Nilimpenda."

Melkiori, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisogea, amefura. "Mnafiki mkubwa! Umekula mali ya umma!"

"Ndugu Meneja," Leodegar alimgeukia, "hiyo mara ya kwanza, Chui aliugua kwa kula nini?"

Melkiori alibabaika. "Kulikuwa na karamu kidogo... ya wakubwa. Tulimtupia mafuta ya mbuzi."

"Mbuzi naye alikuwa na kibali?"

Melkiori alirudi nyuma hatua moja.

Leodegar alitoa pingu. Sheria haikumpa nafasi ya kuchagua, na hakuwahi kuivunja. Mrisho alinyoosha mikono mwenyewe.

"Siti anaendeleaje?"

"Jana aliketi mwenyewe. Akaomba mchuzi." Mzee alimtazama usoni. "Afande, kile kibali cha Chui, kitafutwa?"

"Kitafutwa leo, mzee."