Upande wa Kukaza

Saa 5:40 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi chakavu. Joto kama tanuri. Nahodha aliweka kifuniko cha soda katikati ya meza, bastola pembeni yake.

"Hii ndiyo boti. Forodha wameipandisha nchi kavu. Saa saba walinzi wanakwenda kula. Tuna nusu saa."

Mzigo ulikuwa ndani ya injini. Dhahabu, nyuma ya kizibo cha shaba kwenye njia ya maji. Fundi alikifunga mwenyewe, kaka yake akimmulikia tochi. Kizibo chenyewe ni kipi, walijua hao wawili tu.

Kaka alikuwa na wiki tatu anapaka rangi kwenye karakana ilikowekwa boti. Ndiye angewafungulia geti. Alichukua chupa ya maji, akahangaika na kifuniko mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

"Unafunga au unafungua?" Nahodha akamuuliza.

"Ndivyo alivyo toka utoto," Fundi akasema. "Mabomba yote ya mama kayamaliza yeye kwa kuyakaza."

Wakacheka. Nahodha akawa wa kwanza kunyamaza.

"Mzigo ukipungua, namuuliza aliyeufunga. Umenisikia, Fundi?"

"Nimekusikia."

Saa 7:06 mchana.

Fundi alilala kifudifudi juu ya injini ya boti. Akamulika kizibo.

Pembe zote sita zilikuwa zimeliwa. Mikwaruzo mipya, inang'aa. Mtu ametangulia.

Akajaribu spana. Ikateleza. Akakibana kwa koleo la praisi, akavuta kwa uzito wote. Kizibo kama kimechomelewa.

"Vipi, mdogo wangu?" Kaka aliinama mlangoni, brashi ya rangi mkononi.

"Kimeganda."

Akawasha gesi. Akakichoma mpaka kikabadilika rangi, akakigusisha mshumaa, nta ikanywewa na nyuzi za skrubu yake. Akagonga kwa nyundo, taratibu, kuzunguka. Akavuta tena. Kikalia. Kikasogea uzi mmoja.

Hapo ndipo akaona. Kila pembe ilikuwa imeliwa upande mmoja. Upande wa kukaza.

Akazima gesi.

"Kaka, ulikuja lini?"

Rangi ilidondoka kwenye ngazi.

"Ningekugawia."

"Ungenigawia nini? Nahodha angekuta patupu. Angemuuliza nani?"

"Sikufikiria hivyo."

"Ulifikiria. Wiki tatu ulifikiria."

"Fungua kwanza, mdogo wangu. Tutaongea nyumbani."

Saa 7:21 mchana.

Nahodha alishuka ngazi, bastola chini ya shati. Akakitazama kizibo muda mrefu.

"Nani amekitafuna hiki?"

Fundi alimtazama kaka yake. Alimpa nafasi. Maneno mawili tu yangetosha. Wangeomba msamaha pamoja, wangepigwa pamoja.

"Aliyekifunga si ndiye yeye?" Kaka akasema. "Mimi napaka rangi tu."

Bastola ikatoka. Ikamgusa Fundi nyuma ya sikio.

"Sema."

Fundi alifuta praisi kwa kitambaa, mpini wote, kwa uangalifu, kama alivyozoea kumwandalia mteja. Akampa kaka yake.

"Nimeshakilegeza. Mikono yangu imechoka. Malizia."

Kaka alishukuru kwa macho. Akapiga magoti. Akabana kizibo, akavuta pumzi, akazungusha kwa nguvu zake zote.

Kizibo kikalia. Kikazama.

Akaongeza nguvu.

Nahodha alimtazama. Alitazama pembe zilizoliwa, kisha mkono ule unaokaza. Bastola ikahama kutoka sikioni mwa Fundi.

"Unafunga au unafungua?" akauliza, polepole.

Praisi ikaanguka. Kaka aligeuka, si kwa Nahodha. Kwa mdogo wake.

"Mwambie."

Fundi aliiokota praisi. Akakibana kizibo upya, akazungusha upande wa kufungua, robo, nusu, kizibo kikamdondokea kiganjani kikiwa bado cha moto. Hakukiachia.

"Mzigo huu hapa," akamwambia Nahodha, akimwonyesha dhahabu ndani ya tundu. "Umetimia."

Akapanda ngazi bila kugeuka. Nahodha akaufunga mlango wa chumba cha injini nyuma yake, na sauti aliyoijua toka utotoni ikaita jina lake la nyumbani, mara moja tu.