Kwa Nini Abu Dhabi

Mwaka 2015, meli ilipokuwa ikishusha Warundi kutoka kijiji cha mpakani cha Kagunga kila kukicha, soko la Mwanga, mjini Kigoma, liliishiwa ndoo. Ile ya mwisho, ya bluu, ilishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja.

“Kaka, achia. Hii ni ya wakimbizi kule uwanjani,” alisema msichana aliyevaa gauni la kitenge cha njano. Sauti ilikuwa imemkauka. Tangu asubuhi alikuwa akiwatafsiria wageni Kirundi, kazi ya kujitolea aliyopewa na kanisa lake.

“Na mimi nina shida, dada. Dukani kwangu hakuna maji.”

“Kunywa soda.”

Feliksi alicheka, akaachia. Kisha akaibeba ndoo yeye mwenyewe hadi uwanja wa mpira, msichana akimfuata nyuma huku akijizuia kutabasamu.

Feliksi alikuwa Muha wa Ujiji, muuza nguo za watoto, kijana ambaye shati likimkaa watu hugeuka. Msichana aliitwa Arakaza, fundi cherehani wa Gungu. Baba yake, Mzee Bucumi, aliingia nchini na wakimbizi wa mwaka sabini na mbili, akapata uraia, akawa mzee wa kanisa. Mama yake, kama Gungu nzima ilivyojua, alifia Burundi Arakaza akiwa bado mdogo.

Mwaka uliofuata Feliksi alipeleka posa, ikapokelewa. Jioni moja walikuwa wamekaa kwenye mchanga wa Kibirizi wakila dagaa wa kukaanga.

“Fungate ni Dubai, mpenzi,” alisema Feliksi. “Nilikwenda mara moja kufuata mzigo, nikaona maghala tu. Sasa nataka kuuona mji nikiwa na mtu wangu. Lile ghorofa refu, maji yanayocheza muziki, soko la dhahabu.”

“Abu Dhabi.”

“Abu Dhabi kuna nini?”

“Kumetulia. Kuna ufukwe mrefu wa kutembea. Na ule msikiti mweupe.”

“Wewe mtoto wa mzee wa kanisa unafuata msikiti?”

“Na wewe unafuata ghorofa, ilhali dari ya kwenu tu unaogopa kuipanda!”

Walicheka. Lakini kila Feliksi alipoirudia Dubai, Arakaza aliirudia Abu Dhabi, na mara hii bila kucheka. Feliksi alimweleza kwamba kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya basi, watalala Dubai na Abu Dhabi wataitembelea siku moja.

“Siku moja haitoshi,” alijibu Arakaza.

Ndipo simu yake ikaita. Feliksi aliiona namba. Ilianza kama namba za wale mawakala waliomuuzia mzigo kule Uarabuni. Arakaza alisimama, akaenda mbali hadi maji yakamlowesha miguu. Upepo ulileta neno moja tu la Kirundi, nalo Feliksi alilielewa, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu. *Ndagukunda.* Nakupenda.

Aliporudi, Feliksi alikuwa amekunja uso. “Nani huyo?”

“Mtu wa kwetu.”

“Mtu wa kwenu anaambiwa nakupenda? Kumbe Abu Dhabi ina mwenyewe!”

“Feliksi, nipe muda.”

“Muda wa kunifanya mjinga? Mlaghai wewe!”

Aliondoka akamwacha na dagaa. Wiki ikapita, simu zake hakuzipokea.

Ukweli ni kwamba kule uwanjani, siku zile za ndoo, Arakaza alimtafsiria mama mmoja aliyeitwa Révérienne. Yule mama alimkazia macho, akamuuliza jina la mama yake. Aliposikia Ndayikunda, akamshika mkono. “Mwanangu, huyo ni binamu yangu. Alikuja Bujumbura juzijuzi kumzika bibi yako. Ni mpishi Abu Dhabi, na namba yake ninayo.” Ndayikunda alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, mumewe asitake. Alipokataa kurudi, Bucumi aliwaambia watu amekufa.

Arakaza aliivumilia wiki ile, ikamshinda. Mchana mmoja aliingia dukani Mwanga, akapita katikati ya vigauni vilivyoning'inia, akapiga simu na kumkabidhi Feliksi. “Ongea naye mwenyewe.”

“Haloo?” Feliksi alisema kwa ukali.

“Ni wewe mkwe wangu?” Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

Ukali ulimwisha. “Naam… Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unanitunzia mtoto?”

“Najaribu, mama. Naye si mwepesi.”

Mwanamke alicheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha Arakaza. Feliksi akakaa juu ya robota la nguo.

Simu ilipokatika, alisema taratibu, “Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuwa nimemwita baba mwongo mbele ya mkwewe. Na wewe ungesema hawa ni watu gani wanaomzika aliye hai.”

“Nilikuita mlaghai. Nisamehe, laazizi.”

“Nitafikiria,” alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari begani kwake. “Kwanza nikamwambie baba.”

“Twende wote.”

“Hapana. Hili ni langu.”

Alimkuta Mzee Bucumi uani akipukuchua mahindi. “Baba, mama yu hai. Fungate tunakwenda kwake.”

Mzee alimaliza gunzi lile, akachukua hindi jingine. Siku ya harusi alimpeleka binti yake hadi madhabahuni, akampa baraka, na juu ya safari hakutamka neno. Arakaza alilia kidogo ndani ya shela, watu wakadhani ni furaha.

Asubuhi ya kuondoka, walipokuwa wakiteremsha masanduku uwanja wa ndege wa Kigoma, Mzee Bucumi alifika kwa bodaboda, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa vizuri.

“Migebuka wakavu,” alisema, akitazama pembeni. “Kule samaki hawa hawapo. Mwambie awakaange, akiwachemsha watavunjika.”

“Nitamwambia, baba.”

“Akiuliza hali yangu…”

“Nimwambie nini?”

Mzee alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

“Mwambie nimezeeka.”

Feliksi alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka juu ya nguo zao, mahali ambapo hakitabanwa.