Mafundi Ishirini kwenye Grafu

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kengele ya kutoka ikishalia, wanafunzi wa darasa la sita walitawanyika mtaani na madaftari yao. Huyu alikwenda gereji, yule kwa maseremala. Waliuliza maswali mawili tu: wanaofanya kazi hapa ni wangapi, na fundi analipwa kiasi gani kwa siku? Jumatatu mwalimu wa hisabati aliyaweka majibu kwenye grafu ukutani. Mwezi wa kwanza aliupa namba mia moja, na miezi mingine yote ikalinganishwa na huo. Namba hiyo waliiita fahirisi. Ikipanda, kazi zimeongezeka. Ikishuka, kuna watu wamebaki bila kazi.

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, aliomba mwenyewe apewe kiwanda kidogo cha viatu. Bibi yake alishona hapo miaka mingi. Alipokuwa mdogo, Chiriku alilala juu ya mabaki ya ngozi chini ya meza ya bibi, nyundo zikigonga soli, redio ikiimba na mafundi wakiitikia kwa sauti mbaya ajabu. Harufu ya gundi kwake ilikuwa harufu ya raha. Kila alipokumbuka siku hizo, alitamani zirudi.

Ijumaa moja alikutana na kimya tangu mlangoni. Mafundi walikuwa wanane. Mashine ya bibi ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Wengine wako wapi?" aliuliza.

"Oda zimekatika, mwanangu," msimamizi alisema, akiyakwepa macho yake. "Kumi na wawili tumewarudisha nyumbani, wiki ya pili sasa. Kwani bibi yako hakukwambia?"

Bibi hakuwa amesema kitu. Kila asubuhi alitoka na aproni yake begani, na jioni ile pia alirudi saa ile ile.

"Kazi ilikuwaje, Bibi?"

"Ya kawaida tu, mjukuu wangu. Mgongo ndio unalalamika."

Chiriku aliingia chumbani kwake. Alifungua daftari, na mahali pa nane akaandika ishirini, kama mwezi wa kwanza. Aliona kwamba hivyo kiwanda kitabaki kilekile cha utoto wake, na siri ya bibi haitajulikana.

Jumatatu mwalimu aliunyoosha mstari wa viatu: mia moja.

"Kesho kutwa afisa kazi anakuja," alisema. "Anatafuta mafundi waliokosa kazi, washone mikoba ya shule. Ataanzia pale mstari uliposhuka. Wa viatu hawana shida, tutamwambia aende kwingine."

Jioni Chiriku alimfuata bibi jikoni.

"Bibi, nimeandika uongo shuleni. Nimesema mafundi ni ishirini, na najua mmerudishwa nyumbani."

Bibi alikaa chini polepole. "Kumbe unajua! Nilikuwa nakwenda kukaa kwa shoga yangu mpaka saa za kutoka kazini. Niliona aibu unione nimekaa bure."

"Mimi sikuonei aibu, Bibi."

Machozi yaliwatoka wote wawili, kisha bibi akaangua kicheko. "Basi waongo wawili tunaishi nyumba moja! Kesho tunakwenda wote kwa mwalimu."

Mwalimu hakufoka. Alimpa Chiriku kalamu ausahihishe mstari mwenyewe, mbele ya darasa zima. Ulianguka kutoka mia moja hadi arobaini.

Afisa kazi alipouona mteremko ule, aliuliza kiwanda kiko wapi, akaenda siku hiyohiyo. Kabla mwezi haujaisha, mafundi watano, bibi akiwemo, walikuwa wanashona mikoba. Saba waliobaki waliandikishwa kwa awamu ya pili.

Siku ya wazazi, bibi alisimama mbele ya grafu kwa muda mrefu.

"Siku zile za kiwandani zilikuwa tamu," alisema. "Hata mimi nazililia. Lakini unauona mteremko huu? Huu ni mimi na wenzangu. Ulipounyoosha, ulitufuta. Nikihesabiwa kazini na huku nimekaa bure, nani atanitafutia kazi? Andika ukweli, mjukuu wangu, hata siku unapokuuma."