Kisima Ambacho Soipan Hakukiona

Kila Ijumaa akitoka shule, Soipan alikuwa na kazi moja kabla ya nyingine zote: kushika mpira wa maji. Tanka la buluu lenye mlango uliobonyea liliingia kwenye ploti yao mjini Kitengela, naye akapanda ngazi, akatia mdomo wa mpira kwenye tangi na kungoja lijae. Ploti ilikuwa na mfereji, ila haukuwahi kutoa tone tangu wahamie hapo miaka minne iliyopita. Timothy, dereva wa tanka, alikuwa amemzoea. Alimwita Injinia.

Muhula huo Soipan alijulikana sana katika Gredi ya Saba. Wanafunzi arobaini kutoka Illasit, upande wa Loitokitok, walikuwa wanakuja kuwatembelea, na Mwalimu Mutinda aliliambia darasa kila mmoja apange matembezi ya siku moja: mahali pa historia pa kuona, na mahali pa kula. Mpango utakaoshinda ndio ungefuatwa.

Mpango wa Soipan ukashinda. Asubuhi, kituo cha zamani cha reli mjini Kajiado. Saa tano, kisima cha kale nje ya mji, "ambapo wafugaji wangali wanachota maji kwa mikono, na wageni hukaribishwa kuonja." Saa saba, nyama ya mbuzi katika hoteli yenye bustani. Mwalimu aliubandika ukutani na kutuma nakala Illasit. Mugure, aliyekuwa wa pili, alisema hata yeye angeshinda kama angekuwa na kisima.

Hakuna aliyemwuliza Soipan kama amewahi kufika huko. Hakuwa amefika. Hoteli aliitoa kwenye simu ya mama yake, kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Kisima alikitoa kwenye masimulizi ya Shangazi Nailantei, dada ya baba yake, aliyekuja kwao kila Krismasi. Pale masimulizi yalipokosa kitu, alijaza mwenyewe.

Jumatatu barua zilifika, kila mgeni akimwandikia mwenyeji wake. Ya Soipan iliandikwa na msichana aitwaye Priscilla.

"Koko wangu, yaani nyanya yangu, alizaliwa karibu na hicho kisima," Priscilla aliandika. "Walihamia huku baada ya ardhi kugawanywa. Sasa macho yake ni mabovu na hawezi safari ndefu. Nilipomsomea mpango wako, aliniuliza mara tatu kama ni kweli bado kiko wazi. Nimemwambia ni kweli. Nitakuja na chupa nimpelekee maji."

Soipan aliikunja barua mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti. Siku mbili alijiambia kwamba kisima lazima kipo, maana kisima si kitu cha kuhama. Siku ya tatu akampigia shangazi. Akamwuliza siku hizi wachotaji huja saa ngapi.

"Nani amekuambia watu wanachota?" shangazi akauliza.

"Ni mimi nimeandika."

Shangazi hakugomba. Alimwambia aje Kajiado Jumamosi, avae viatu vya kutembea.

Shangazi Nailantei alikuwa fundi cherehani karibu na stendi. Siku hiyo alifunga kibanda. Kituo cha reli walikikuta, kama Soipan alivyoandika. Shangazi alimweleza kwamba reli ile ilitandikwa wakati wa ukoloni ili kubeba magadi kutoka ziwani, na waliokuwa wakichunga mahali ilipopita hawakuulizwa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari.

Hoteli yenye bustani haikuwepo. Mahali pake palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye mti ambao Soipan aliutambua kutoka kwenye zile picha. Akainamisha kichwa. Shangazi akamwambia asiiname, atazame vizuri.

Kisha wakatembea karibu nusu saa nje ya mji mpaka kwenye ukuta wa mawe wenye vipande vya chupa juu yake. Palikuwa na geti la chuma na askari. Askari alikuwa mpole. Alisema wageni hawaruhusiwi, hiyo ni mali ya mtu. Nyuma ya ukuta mashine ilinguruma. Hapakuwa na ng'ombe, wala mchotaji, wala njia.

"Kisima kiko wapi?" Soipan akauliza.

"Hapo unaposikia mashine."

Jua lilikuwa kali. Walirudi mjini na kuingia katika hoteli ndogo ya Mama Waithera: meza nne, githeri ya mahindi na maharagwe, chapati, na chai inayokuja kwenye birika. Shangazi alifungua mkoba, akatoa daftari la shule lililogeuka rangi ya chai. Akamweleza mpwa wake mambo yalivyokuwa. Ardhi ile ilikuwa ya jamii nzima. Siku ya kuigawanya, wazee walikaa, lakini kati yao hakuna aliyejua kuandika, basi wakamwita yeye, msichana wa miaka kumi na mitatu, aandike waliyokubaliana.

Soipan akasoma. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, wa mviringo. Kisima hakitapewa mtu mmoja. Njia ya kisimani ibaki, upana wa ng'ombe sita wakipita sambamba. Chini kulikuwa na alama za vidole gumba kumi na moja.

Ramani ilipotoka, njia haikuwemo. Kipande chenye kisima kilikuwa na jina moja, na mwenye jina akauza. Shangazi alikuwa ameenda ofisi ya ardhi mara nyingi na daftari lake. Mara ya mwisho karani mmoja alifungua simu, akamwonyesha maneno ambayo mtu fulani aliandika mtandaoni: kwamba kisima kiko wazi kwa wote. Akamwuliza, basi mama unalalamikia nini?

Soipan aliweka kijiko chini. "Mimi pia nimeandika hivyo, shangazi. Na mpango uko ukutani."

Kabla shangazi hajajibu, breki zililia nje. Tanka la buluu lenye mlango uliobonyea lilisimama, na dereva akaanza kuvuta mpira kuelekea pipa la Mama Waithera. Alipomwona Soipan, akacheka.

"Injinia! Umenifuata mpaka kisimani?"

Soipan alimwuliza kisima gani. Timothy akaonyesha kwa kidevu upande ule wa ukuta. Hapo ndipo hujaza, alisema, hata yale ya Kitengela. Huyateka alfajiri.

Miaka minne Soipan alikuwa akiyanywa.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Mutinda kabla ya kengele. Alimwambia kila kitu: simu, hoteli, ukuta, barua ya Priscilla. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema mpango wa uongo hauwezi kufuatwa. Kama alitaka ubaki wake, ilibidi ausahihishe mbele ya darasa, kisha amwandikie Priscilla yeye mwenyewe. Kama hangeweza, wangetumia wa Mugure.

Soipan alisimama mbele. Alisema hakuwa amefika mahali alipopaandikia, kwamba baadhi ya maneno aliyatunga, na kwamba kisima sasa kiko nyuma ya ukuta. Mugure alimwita mwenye kisima cha kutunga, na jina hilo lilimfuata wiki nzima. Ila Mugure huyo huyo ndiye aliyeuliza ukuta ule una urefu gani, na mwisho akasema wageni wauone.

Barua kwa Priscilla ilikuwa ngumu zaidi. "Nilikudanganya," ndivyo ilivyoanza. "Kisima kimefungwa. Niliandika bila kufika. Mwambie koko pole. Lakini usiache chupa nyumbani."

Jumamosi iliyofuata wageni walifika Kajiado. Priscilla, msichana mwembamba mwenye sweta ya kijani, alimwinamia Shangazi Nailantei kichwa aguswe kwa salamu. Soipan hakumwangalia machoni. Priscilla akasema koko alikuwa amelia kidogo, kisha akasema afadhali ameambiwa.

Walisimama mbele ya ukuta, wanafunzi themanini na zaidi. Shangazi alionyesha mahali ng'ombe walipongoja zamu, na kueleza jinsi wachotaji walivyopangana kwenye ngazi za kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo na kuimba. Priscilla aliuliza upana wa ng'ombe sita ni upi. Wavulana sita wa Illasit, wachungaji wa kweli, wakasimama sambamba wakipanua mikono. Mwalimu akapima kwa hatua, na kila mtoto akaandika namba hiyo kwenye daftari lake. Askari aliwatazama kutoka getini.

Kwa Mama Waithera walikula kwa zamu, kwa sababu meza ni nne. Soipan alimpeleka Priscilla kwenye pipa la nyuma, akajaza chupa yake mpaka juu.

"Ndiyo haya?" Priscilla akauliza.

"Ndiyo haya. Nimeyanywa miaka minne na sikujua."

Priscilla alionja kidogo, akaifunga chupa na kuiviringisha ndani ya sweta yake.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Soipan," alisema, "nilipoandika haya, hakuna mzee aliyejua kusoma. Ningeweza kuandika lolote. Niliandika nilichosikia kwa masikio yangu, ndiyo maana naweza kuingia na daftari hili ofisi yoyote bila kuogopa. Ukiandika kwamba kisima kiko wazi na kimefungwa, humfurahishi mgeni. Unamsaidia aliyekifunga. Nenda kwanza, uone, halafu ndio uandike."

Akamkabidhi kalamu. Jumatatu angerudi ofisi ya ardhi, na safari hii alitaka kubeba madaftari mawili, lake na la Soipan.

Soipan akavuta kiti kwenye meza iliyoachwa wazi, akapangusa makombo ya chapati, akafungua daftari lake, akaandika tarehe.